Maswali ya Wasomaji: Chama cha Esteti, Bustani Yako na Faini

Barua nne za toleo hili zinahusu jambo moja: chama cha wakazi wa esteti kumtoza mwenye nyumba faini kwa sababu ya bustani, nyasi au ua wake. Majina ya walioandika na ya esteti zao tumeyaondoa. Majibu ni ya mwandishi wetu wa safu ya ardhi na makazi, na hayawezi kuchukua nafasi ya wakili aliyezisoma karatasi zako mwenyewe.

Swali: Nilinunua nyumba katika esteti iliyoko Manispaa ya Kira, wilayani Wakiso, Uganda, kutoka kwa mzee aliyekuwa mmiliki wake wa kwanza. Mbele ya nyumba niling'oa sehemu ya nyasi za pasipalamu nikapanda migomba minne na tuta moja la mboga za majani, dodo na nakati. Chama cha wakazi kimeniletea barua kwamba nimeharibu mandhari ya esteti, kwamba natozwa faini ya shilingi 300,000, na kwamba kila wiki migomba ikiendelea kuwapo zitaongezeka shilingi 50,000. Sikuwahi kuitwa kwenye kikao chochote. Je, ni lazima nilipe? — *Mama mwenye nyumba, Kira*

Jibu: Mama, usilipe kwanza, lakini usikae kimya pia. Kimya chako kitakuja kusomwa kama kukubali, na kwa hesabu ya barua hiyo nyongeza ya kila wiki pekee itafikia shilingi 2,600,000 kwa mwaka, kiasi ambacho hakuna mwanachama wa kamati atakayekisahau siku utakapotaka kuuza nyumba.

Jambo la kuelewa kabla ya yote ni kwamba chama cha wakazi si serikali. Faini ya kuadhibu kosa hutozwa na mahakama, au na mamlaka iliyopewa uwezo huo na sheria iliyotungwa. Kinachoitwa faini na chama cha esteti, kwa macho ya sheria, ni deni linalodaiwa kutokana na mapatano. Kwa hiyo swali la kwanza si kama migomba yako inapendeza. Swali ni wapi ulipokubali, wewe au kiwanja chako, kwamba migomba haitapandwa hapo na kwamba atakayeipanda atalipa fedha.

Makubaliano hayo yanaweza kuwa katika moja ya karatasi tatu, na unapaswa kuzitafuta zote. Ya kwanza ni mkataba wako wa ununuzi, pamoja na viambatisho vyake ambavyo watu wengi hutia saini bila kuvisoma. Ya pili ni hatimiliki yenyewe: nenda ofisi ya ardhi ya kanda ya Wakiso, omba upekuzi wa kiwanja chako, kisha usome sehemu ya vizuizi vilivyoandikishwa juu yake. Ya tatu ni katiba ya chama, au fomu yoyote ya uanachama uliyojaza ulipohamia, hata ile uliyopewa getini ukaambiwa kuwa ni ya kuchukua namba yako ya simu tu.

Hapa ndipo hali yako inapotofautiana na ya jirani aliyenunua moja kwa moja kwa mjenzi wa esteti. Yule aliweka saini na mjenzi. Wewe ulinunua kwa mzee, na ahadi za mzee hazikufuati zote. Kwa kanuni za sheria ya mapokeo na usawa, ambazo mahakama zetu huzitumia pale sheria iliyoandikwa isiposema, sharti la kukataza, kwa mfano kwamba mbele ya nyumba hapatalimwa mazao, linaweza kuandamana na ardhi na kumfunga mnunuzi wa pili, ikiwa liliwekwa kwa faida ya viwanja vingine vya esteti na mnunuzi huyo alilijua au alipaswa kulijua. Sharti la kutenda, kwa mfano kufyeka nyasi kila baada ya wiki mbili au kulipa ada fulani, kwa kawaida halimfuati mnunuzi wa pili mpaka yeye mwenyewe aahidi. Kwa sababu hiyo chama kikikuonyesha sharti lililoandikishwa la kukataza mazao, una hoja dhaifu kuhusu migomba, lakini bado una hoja nzuri kuhusu fedha, kwa kuwa kuzuiwa kupanda ni jambo moja na kuahidi kulipa shilingi 300,000 ni jambo jingine. Ikiwa kiwanja chako ni cha lizi, yaani cha kukodishwa kwa muda maalumu, na mjenzi au kampuni yake ndiye mwenye ardhi, mambo hubadilika, maana masharti ya lizi yanayohusu ardhi humfuata kila anayeishika lizi hiyo. Soma kwanza hati yako ni ya aina gani.

Tuseme sasa kwamba karatasi zinakufunga. Bado kuna suala la kusikilizwa. Chama cha hiari kinachotaka kumwadhibu mwanachama wake kinapaswa kumweleza kosa, kumpa muda wa kujiandaa na kumsikiliza kabla ya kuamua. Hiyo ni kanuni ya haki asilia ambayo mahakama za nchi zinazofuata mapokeo ya Uingereza zimeishikilia kwa miaka mingi, na katiba nyingi za vyama huitaja zenyewe. Barua uliyotuma nakala yake ina tarehe moja tu: siku hiyohiyo kosa limeonekana, limeamuliwa na limetozwa. Haitaji kifungu chochote. Haisemi kikao kilikaa lini wala nani alikuwapo. Kwa maoni yangu huo ndio upungufu wake mkubwa kuliko yote, na ndio wa kuanza nao, kwa sababu hata mwenyekiti mwenye hasira atatatizika kuutetea mbele ya watu wengine.

Halafu kuna kiasi chenyewe. Sheria ya Mikataba ya mwaka 2010 inasema kwamba pale mkataba unapotaja fedha za kulipwa iwapo utavunjwa, au unapoweka adhabu, anayelalamika anastahili fidia ya kiasi kinachofaa isiyozidi kile kilichotajwa. Maana yake ni kwamba namba iliyoandikwa ni dari. Chini ya dari hiyo hakimu atauliza ni kiasi gani kinafaa. Migomba minne na tuta la mboga vimewapunguzia nini majirani, hata ziwe shilingi 50,000 kila wiki bila kikomo? Chama kitalazimika kulijibu hilo.

Andika barua fupi, uipeleke kwa mkono, na katibu atie saini na tarehe kwenye nakala yako. Inaweza kusema hivi: «Nimepokea barua yenu ya tarehe fulani. Sikubali faini iliyotajwa. Naomba nakala ya kanuni mnayosema nimeivunja, ushahidi kwamba kanuni hiyo inanifunga, na kumbukumbu za kikao kilichoamua. Naomba pia kusikilizwa kabla ya hatua nyingine yoyote. Ada yangu ya ulinzi na taka nitaendelea kuilipa kama kawaida, na malipo hayo yasihesabiwe kuwa ni ya faini.» Sentensi ya mwisho usiiache. Wenye nyumba wengi hukosea hapo: wakikasirishwa na faini huacha kulipa ada ya askari na ya taka, na chama, ambacho hakikuwa na kesi ya faini, hujipatia kesi safi ya ada. Ukilipa kwa simu, andika kwenye maelezo ya malipo kuwa ni ada ya mwezi gani, kisha utunze ujumbe.

Wakikataa kukusikiliza, anzia kwa mwenyekiti wa LC I, yaani baraza la mtaa wako. Mahakama za mabaraza ya mitaa, kwa Sheria ya mwaka 2006, zinaweza kusikiliza madai ya deni na ya mikataba yasiyozidi shilingi 2,000,000, nazo husuluhisha zaidi ya kuhukumu, jambo ambalo kwa majirani mtakaoendelea kukutana getini si dogo. Ukitaka tamko kwamba faini ni batili, pamoja na amri ya kukizuia chama, hiyo ni kazi ya mahakama ya hakimu, na hapo ndipo gharama ya wakili inapoanza kuipita faini yenyewe.

Umeuliza pia, mwishoni mwa barua yako, kama kanuni za kilimo cha mjini zinakulinda. Baraza la Jiji la Kampala lilipitisha kanuni za namna hiyo mwaka 2006, na KCCA, mamlaka ya sasa ya jiji hilo, ina kituo chake cha Kyanja kinachofundisha watu kulima katika nafasi ndogo. Lakini Kira iko Wakiso, si Kampala, na hata ungekuwa Kampala, kibali cha mamlaka hakifuti ahadi ya faragha iliyoko kwenye hati yako. Kinaonyesha tu kwamba mboga mbele ya nyumba si jambo la aibu wala la hatari, na katika mazungumzo hiyo ni hoja ya kutumia. Na kama nyuma ya nyumba kuna nafasi, Mama, hesabu pia gharama ya kuihamishia huko migomba minne. Sisemi hivyo kwa kuwa huna haki. Nasema hivyo kwa sababu machipukizi ya mgomba huhama kwa urahisi kuliko kesi.

Swali: Naishi ghorofa ya chini katika jengo la kondominiamu mjini Kampala. Nje ya dirisha langu kuna ukanda wa udongo ambao nimepanda maua na mchaichai. Halmashauri ya jengo inanitoza faini, nami nimewaambia kwamba sijawahi kujiunga na chama chao. Nimekosea? — *Mkazi wa ghorofa ya chini*

Jibu: Hoja ya kutojiunga haitakusaidia. Sheria ya Mali za Kondominiamu ya mwaka 2001 huunda shirika la wenye nyumba pale mpango wa jengo unapoandikishwa, na kila mwenye yuniti, yaani nyumba moja ndani ya jengo, ni mwanachama kwa kuwa tu anamiliki; huhitaji kujaza fomu. Kanuni za shirika zinakufunga, na michango ya gharama za pamoja ni wajibu.

Nenda moja kwa moja kwenye mpango ulioandikishwa. Ukanda huo ama ni sehemu ya yuniti yako, ama ni mali ya pamoja ambayo wenye yuniti wote wana hisa ndani yake. Mara nyingi ni mali ya pamoja, hata kama wewe peke yako ndiye unayeufikia na ndiye uliyeumwagilia maji miezi ya kiangazi. Ikiwa ni hivyo, halmashauri inaweza kukutaka uung'oe mchaichai, lakini kukutoza faini ni uwezo mwingine ambao lazima uwe umeandikwa katika kanuni zenyewe. Azimio la halmashauri la jioni moja halitoshi. Omba kanuni, omba kumbukumbu, kisha upeleke hoja yako kwenye mkutano mkuu, ambako kura si za halmashauri peke yake. Nimewahi kuona maombi ya kutumia ukanda kama huo yakikubaliwa kwa masharti mepesi pale mwombaji alipokuja na mchoro wa upandaji badala ya malalamiko.

Swali: Mimi ni mwenyekiti wa chama cha wakazi kando ya Barabara ya Entebbe. Wengine hapa wanaishi ng'ambo, nyumba zimefungwa, nyasi zimefika kiunoni, mbu na nyoka wanahamia kwa majirani. Tumeazimia kuwatoza faini, kuyazuia magari yao getini mpaka walipe, na kuyaweka majina yao kwenye kundi la WhatsApp. Tunakosea wapi? — *Mwenyekiti*

Jibu: Mzee, tatizo lako ni la kweli, na nasikitika kwamba safu kama hii huwasikia zaidi wanaotozwa kuliko wanaopakana na kichaka. Hata hivyo kati ya hatua hizo tatu, mbili zinaweza kukugeuza wewe kuwa mshtakiwa.

Kumzuia mtu kuingia nyumbani kwake ni kuingilia matumizi ya mali yake, ambayo Ibara ya 26 ya Katiba inailinda, na ikiwa barabara ya ndani ya esteti ilikwisha kukabidhiwa manispaa, geti lenyewe linahitaji maelezo. Deni hudaiwa mahakamani, si kwa mnyororo wa askari. Majina kwenye WhatsApp nayo yana hatari yake: Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inadhibiti matumizi ya taarifa binafsi, na jina, namba ya nyumba na kiasi cha deni vyote ni taarifa binafsi ambazo chama kilizipata kwa kazi ya ulinzi na usafi. Na deni likija kuonekana si halali, mwenye jina atakuwa na la kusema pia kuhusu heshima yake.

Anza na msingi. Chama kisichoandikishwa hakina nafsi ya kisheria na hakiwezi kushtaki kwa jina lake. Vyama vingi vya aina yenu hujiandikisha URSB, ofisi ya serikali inayoandikisha kampuni, kama kampuni yenye ukomo wa dhamana, na baada ya hapo vinaweza kuingia mikataba na kudai madeni. Kisha pitisheni kanuni iliyo wazi: nyasi zisizidi urefu gani, onyo la maandishi la siku ngapi, nani anasikiliza pingamizi (asiwe jirani aliyelalamika), na kiasi gani. Kila mwenye nyumba aitie saini, na anayeuza amtake mnunuzi wake aitie saini pia, kwa sababu niliyoieleza katika jibu la kwanza. Sisitizeni kurudishiwa gharama halisi ya kufyeka badala ya faini. Risiti ya mfyekaji ni ushahidi ambao hakimu anauelewa mara moja. Lakini msiingie ndani ya ua wa mtu na slasha kabla kanuni aliyoitia saini haijawaruhusu, maana huko ni kuvamia.

Kwa kichaka cha leo, ambacho hakiwezi kungoja kanuni, mwiteni mkaguzi wa afya wa manispaa. Kwa Sheria ya Afya ya Umma mmiliki anaweza kuamriwa aondoe kero inayohatarisha afya, na amri hiyo haihitaji mtu yeyote awe mwanachama wa chochote. Mkishapata deni lililo wazi lisilozidi shilingi 10,000,000, utaratibu wa madai madogo uliowekwa na kanuni za mwaka 2011 ni wa haraka na hauruhusu mawakili kuwawakilisha wahusika, jambo linalowapunguzia gharama pande zote mbili. Msilale nalo: dai la mkataba hufa baada ya miaka 6.

Swali: Dada yangu anaishi karibu na Houston, Marekani. Wakati wa ukame aliondoa nyasi za mbele akaweka kokoto na mimea ya dungusi. Chama cha wenye nyumba kimemtumia barua ya faini. Sisi nyumbani tunamwambia asilipe kwa kuwa ardhi ni yake. Tunamshauri vyema? — *Msomaji, Jinja*

Jibu: Mnamshauri kwa sheria ya huku. Texas ina sheria iliyoandikwa juu ya vyama hivi, na ndani yake dada yenu ana haki nyingi kuliko Mama wa Kira, ila kila moja ina tarehe yake.

Kabla ya kumtoza, chama kinapaswa kumpelekea taarifa ya maandishi kwa posta iliyothibitishwa, ikieleza kosa na kumpa muda wa kutosha wa kulirekebisha, isipokuwa kama aliwahi kuonywa kwa kosa la namna hiyo katika miezi 6 iliyopita. Anaweza kuomba kusikilizwa na bodi. Akiomba, bodi inapaswa kumsikiliza ndani ya siku 30, na siku 10 kabla ya kikao inapaswa kumpa nyaraka na picha zote itakazozitumia. Isipompa, ana haki ya kuahirishiwa kwa siku 15. Tangu Januari 2024 chama kinachotoza faini sharti kiwe na sera ya faini iliyoandikwa yenye viwango vyake. Na chama hakiwezi kuipiga mnada nyumba yake kwa deni ambalo ni la faini peke yake.

Kuhusu bustani yenyewe, sheria ya jimbo hilo inakikataza chama kupiga marufuku mimea inayostahimili ukame au nyasi zinazotumia maji kidogo, lakini inakiruhusu kudai mpango kwanza ili kiuidhinishe, na kwa bahati mbaya kwa dada yenu inakiruhusu kwa maneno ya wazi kudhibiti kokoto, mawe na dungusi. Kwa hiyo njia bora kwake si kubishana kwamba ardhi ni yake, bali kupeleka mpango wa bustani isiyohitaji maji mengi, kokoto zikiwa sehemu ndogo tu, na kuomba uidhinishwe na faini isimamishwe. Chama hakiruhusiwi kuukataa mpango wa namna hiyo bila sababu ya maana.

Mwambieni aitazame bahasha leo. Siku 30 za kuomba kusikilizwa huhesabiwa tangu taarifa ilipotiwa posta, si tangu alipoifungua, na ombi liwe la maandishi.